Mtaro wa Uani Karibu na Mti Mkubwa

Kamati nyingi zinapojenga bafu, jiko au nyumba ya mtumishi hukuta kwamba njia fupi ya kupitisha maji machafu iko chini ya mwembe au mkuyu uliokuwepo kabla ya majengo yenyewe. Hapo mabishano huanza. Wapo wanaotaka mti ukatwe, na wapo wanaosema bomba lolote la bei nafuu litatosha. Somo la robo hii ni kwa ajili ya kamati zinazopaswa kuamua, na pia kwa wafadhili wetu, ambao mara nyingine huuliza kwa nini bajeti ya mtaro mfupi ina mabomba ya bei ya juu.

Mizizi huingiaje?

Wengi hudhani kwamba mzizi hutoboa bomba. Kwa kawaida sivyo. Mzizi hufuata unyevu. Bomba likivuja, hata kidogo, udongo wa hapo hubaki na majimaji kiangazi chote, na vijizizi vyembamba kama uzi hukusanyika. Kimoja kikipata upenyo huingia, hukuta maji, hunenepa na kuupanua upenyo ule. Mwishowe kunakuwa na kitu kama ufagio ndani ya bomba, kinachonasa mafuta na nywele mpaka maji yanarudi bafuni. Kwa hiyo msimwulize fundi tu kama bomba ni gumu. Mwulizeni lina maungio mangapi, na yatazibwaje.

Chukueni mtaro wa mita 30. Kwa mabomba ya zege ya mita 1 mtakuwa na maungio 29, yote ya kuzibwa kwa saruji, nayo hupasuka udongo unapotitia au mzizi unaponenepa chini yake. Kwa mabomba ya PVC ya mita 6 maungio ni 4 tu. Tena mnaweza kupanga bomba zima lipite mbele ya shina, ili maungio yawe mbali na mti pande zote mbili. Hiyo ndiyo sababu ya bei ile, enyi wafadhili.

Karibu na mti tunapendelea maungio ya gundi kuliko ya mpira, maana mpira uliokaa vibaya huacha njia. Ncha zote mbili zifutwe, ziwe kavu, zipakwe gundi zote, kisha ziachwe zishike. Na jihadharini na fundi anayewasha moto, akalainisha mwisho wa bomba na kulipanua ili lipokee jingine. Hapo bomba huwa jembamba na duara lake halikai sawa. Kiungio cha dukani ni rahisi kuliko kufukua mtaro mzima.

Mabomba yenye matundu na mitaro ya kokoto hukausha kiwanja vizuri, lakini kando ya mti ni kama kuiandalia mizizi meza. Kitambaa cha kufungia kokoto huzuia udongo; mizizi hakiizuii. Matundu yaanze baada ya mti kupitwa. Maji ya bafuni yanaweza kuishia kwenye migomba, katika shimo la mawe linaloweza kufukuliwa.

Maji ya mvua ni habari nyingine. Mfereji wa wazi wa mawe na saruji unafaa, hata kama mizizi itauinua siku moja, kwa sababu ufa unaonekana na kuzibwa kwa koleo moja la saruji.

Kuchimba

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Mizizi mingi ya mti iko katika sentimita 60 za juu za udongo. Chimbeni kwa mkono, na mzizi wenye unene wa sentimita 2.5 au zaidi usikatwe. Bomba lipitishwe chini yake. Mti uliokatwa mizizi mikubwa upande mmoja unaweza kusimama miaka kadhaa ukiwa na majani mabichi, kisha ukaanguka siku ya upepo juu ya darasa la watoto. Ikiwa hakuna nafasi, zungukeni, hata kama mtaongeza bomba moja.

Kwa bomba la inchi 4, ulalo wa sentimita 2.5 kwa kila mita unatosha. Kwa mita 30 ni sentimita 75. Jengeni chemba kabla ya mti na nyingine baada yake, ili bomba lizibuliwe bila kuchimba. Kabla ya kufukia, zibeni mwisho wa chini, jazeni maji, wekeni alama na kusubiri nusu saa. Maji yakishuka, tafuteni ungio linalovuja siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati

Mtaro wetu unapita karibu na miti ipi, na maungio yake yako wapi?

Je, kuna mtu anayejua chemba zetu zilipo, na zilifunguliwa lini mara ya mwisho?

Katika bajeti yetu, tumeweka fedha za viungio, gundi na chemba, au za mabomba peke yake?