Kandambili Inapogeuka Twiga

Kandambili iliyotupwa baharini haizami. Tuanze na sababu yake, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayotufikisha kwenye soko la vinyago.

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi. Kitu ambacho lita yake ni nzito kuliko hapo huzama, kama mpingo. Kilicho chepesi huelea. Povu la kandambili mara nyingi halifiki gramu 300 kwa lita, maana sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Mkate pia umejaa matundu, lakini matundu yake yameungana, ndiyo maana hunywa chai. Vijumba vya povu hili vimefungwa kila kimoja peke yake, maji hayapenyi. Basi upepo na mikondo huibeba kandambili hadi ufukweni.

Huko haiozi. Povu ni plastiki: minyororo mirefu ya kaboni ambayo vijiumbe vinavyoozesha majani haviwezi kuikata. Kinachoikata ni jua, hasa miale ya urujuanimno. Plastiki hukakamaa, hupasuka, humeguka vipande vidogo ambavyo viumbe wa bahari huvila.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kisiwani Kiwayu, Lamu, mhifadhi wa bahari Julie Church aliona watoto wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa kandambili hizo. Hapo ndipo ilipochipukia Ocean Sole, karakana ya Nairobi. Kandambili huoshwa, hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi, huchongwa kwa kisu, kisha husuguliwa. Watalii hununua twiga na kasa wenye milia ya rangi nyingi.

Sifa zilizoleta kero ndizo zinazofanya kazi hapa. Hewa iliyofungwa hulainisha njia ya kisu, na hukifanya kinyago kiwe chepesi katika sanduku la msafiri. Rangi imeenea ndani ya povu lote, hivyo kila mkato hufichua rangi bila kupakwa. Kutokuoza hukifanya kidumu, tena bila kukata mpingo unaochukua miaka 70 au zaidi kukomaa.

Ila kuchonga nako huzalisha chenga, na chenga ni vipande vilevile tunavyovihofia. Kwa hiyo ubunifu wa kweli huanzia sakafuni: chenga zote zikusanywe, zijazwe kwenye mito au magodoro. Mnunuzi naye akiweke kinyago chake ndani ya nyumba. Akikiacha bustanini, jua litaendelea kukimegua.