Ngazi ya Mpira: Safari ya Mbwana Samatta

1. Ngazi ina vipandio vingi

Jioni vijana wengi wa Kanazi hucheza mpira. Wadogo hufunga mpira wa matambara kwa kamba za migomba. Wakubwa hucheza katika timu za vijiji. Wapo wanaosema, "Mimi nitakuwa kama Samatta."

Mzazi anayesikia maneno hayo asicheke, wala asikimbilie kuuza mbuzi ili mtoto asafiri. Kwanza aijue njia yenyewe. Katika somo hili tutaisoma njia hiyo.

Mpira wa miguu umepangwa kama ngazi. Chini iko ligi ya wilaya, kama wilaya yetu ya Ngara. Juu yake iko ligi ya mkoa. Timu bingwa za mikoa hukutana na kushindana. Juu yao ziko ligi za taifa za madaraja ya chini. Juu kabisa nchini iko Ligi Kuu. Klabu ya Kagera Sugar ya mkoa wetu ilicheza Ligi Kuu kwa miaka mingi. Michezo yake mingi ya nyumbani ilikuwa katika uwanja wa Kaitaba, mjini Bukoba.

Nje ya nchi ngazi inaendelea. Ligi Kuu ya Uingereza ni kipandio kimojawapo cha juu kabisa duniani. Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo ni Mbwana Ally Samatta. Alifika huko mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 27.

2. Kutoka Mbagala hadi Lubumbashi

Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1992. Alicheza African Lyon, klabu iliyotoka Mbagala. Haikuwa klabu kubwa. Mwaka 2010 alihamia Simba, klabu yenye mashabiki nchi nzima.

Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika. Mazembe ni klabu ya Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Ilikuwa imechukua ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na mwaka 2010. Simba ilifungwa. Lakini Mazembe ilimwona kijana wa Simba, ikamtaka. Mwaka huohuo Samatta alivuka mpaka kwenda Kongo. Alikuwa na miaka 18.

Tuone jambo hili vizuri. Timu yake ilishindwa, yeye akapata kazi. Mtu anayefanya kazi yake vizuri huonekana hata siku timu inapofungwa.

3. Kazi ya miaka mingi

Watu wengi hudhani kwamba mchezaji hutoka Dar es Salaam na kuruka moja kwa moja hadi Ulaya. Samatta hakuruka. Alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano. Hakuwa peke yake. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alikuwa naye katika klabu hiyo.

Mwaka 2015 Mazembe ilifika fainali ya Afrika. Ilicheza na USM Alger ya Algeria. Mchezo wa kwanza ulikuwa Algiers, na Mazembe ilishinda 2 kwa 1. Mchezo wa pili ulikuwa Lubumbashi, na Mazembe ilishinda 2 kwa 0. Samatta alifunga bao la penalti katika kila mchezo. Mwezi Januari 2016 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya Afrika.

Mwezi huohuo aliondoka kwenda Genk, mji wa Ubelgiji. Sisi wa Ngara tunalijua jina la Ubelgiji. Ndiyo nchi iliyowatawala jirani zetu wa Rwanda na Burundi hadi mwaka 1962. Samatta alicheza Genk miaka minne. Katika msimu wa 2018/2019 Genk ilichukua ubingwa wa Ubelgiji, na yeye alifunga mabao zaidi ya 20 katika ligi. Mwaka 2019 alipewa Kiatu cha Mpingo. Hiyo ni tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji.

4. Kipandio cha juu

Mwezi Januari 2020 klabu ya Aston Villa ya Uingereza ilimsajili. Tarehe 1 Februari 2020 alicheza mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu ya Uingereza, na akafunga bao. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga tena, katika fainali ya Kombe la Ligi kwenye uwanja wa Wembley, mjini London. Katika michezo yote miwili Villa ilifungwa 2 kwa 1.

Je, alikaa huko muda gani? Hata mwaka mmoja haukutimia. Mwezi Septemba 2020 aliondoka kwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Baadaye alirudi kucheza Ubelgiji, kisha akaenda Ugiriki. Huko alichukua ubingwa akiwa na klabu ya PAOK mwaka 2024.

Kupanda kulichukua karibu miaka 10, tukihesabu tangu Simba. Kukaa juu kulichukua miezi tu. Hiyo si aibu. Ndivyo kazi ya mpira ilivyo. Lakini kijana na mzazi wake wajue jambo hili mapema. Fedha za mpira huja kwa muda mfupi, na mwili huchoka. Kwa hiyo anayecheza asiache shule, na anayepata fedha aweke akiba.

5. Kila kipandio kina karatasi

Ndugu wanakisomo, mchezaji hupanda kwa miguu yake. Lakini hakuna kipandio anachokivuka bila maandishi. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapohitajika.

Kwanza, umri. Mchezaji lazima awe na cheti cha kuzaliwa. Sheria za FIFA, chama cha mpira cha dunia, kwa kawaida haziruhusu klabu ya nje kumsajili mtoto aliye chini ya miaka 18. Ruhusa ni chache na zina masharti. Mtu akija kijijini na kusema, "Nipe mtoto wako wa miaka 15 na fedha za safari, nitampeleka klabu ya Ulaya," usitoe fedha, wala usimtoe mtoto. Nenda kwanza kwa chama cha mpira cha wilaya ukaulize.

Pili, mkataba. Mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka 3. Wa mtu mzima kwa kawaida usizidi miaka 5. Kabla ya kutia sahihi, tazama mambo manne: muda, mshahara, matibabu akiumia, na namna ya kuuvunja mkataba. Kama umeandikwa kwa lugha usiyoijua, tafuta mtu wa kukusomea ambaye hana faida katika mkataba huo. Usiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hukuisoma wala kusomewa.

Tatu, daftari la klabu. Mchezaji akiuzwa kwenda nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hutengwa. Hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu iliyomlea kwa mwaka mmoja kati ya miaka 12 na 15 hupata robo ya asilimia moja.

Tufanye hesabu. Tuseme mchezaji ameuzwa kwa shilingi milioni 100. Asilimia moja ni shilingi milioni 1. Robo yake ni shilingi 250,000. Hiyo ni haki ya klabu iliyomlea kwa mwaka mmoja tu, hata kama ni klabu ndogo.

Lakini klabu lazima iwe imesajiliwa, na mchezaji awe ameandikishwa katika klabu hiyo. Timu isiyoandika majina haiwezi kuonyesha kwamba ilimlea. Kwa hiyo katibu wa timu anunue daftari. Aandike jina la kila kijana, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyoingia, na siku aliyotoka. Kisha apeleke majina kwenye chama cha wilaya. Kazi hii anaweza kuifanya mwanakisomo yeyote wa darasa hili.

Maneno ya kujifunza

Kipandio: mahali pa kuweka mguu katika ngazi.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Kusajili: kuandikisha rasmi.
Tuzo: zawadi ya heshima kwa kazi nzuri.

Maswali

1. Taja klabu nne alizochezea Samatta kabla ya kufika Uingereza.
2. Kwa nini Mazembe ilimtaka Samatta, ingawa Simba ilifungwa?
3. Klabu ilimlea mchezaji kwa miaka miwili, akiwa na miaka 13 na 14. Baadaye ameuzwa nje kwa shilingi milioni 200. Klabu itapata shilingi ngapi?
4. Jadilianeni: Je, timu ya kijiji chenu ina daftari la wachezaji? Kama haina, nani ataliandika, na ataanza lini?