Mgonjwa wa Cushing baada ya upasuaji: Vidonge, homa na funga



Hapa kwetu Kakonko, kama ilivyo Kibondo na Kasulu, mtu akinenepa husemwa kuwa mambo yamemnyookea. Lakini upo unene ambao ni maradhi. Uso huwa mviringo kama mwezi, tumbo na nyuma ya shingo hujaa mafuta, huku mikono na miguu ikisinyaa. Michirizi mipana ya rangi ya zambarau hutokea tumboni, ngozi huvilia damu kwa kuguswa tu, presha na sukari hupanda, hedhi hukatika. Akisujudu, kuinuka humlazimu ashike ukuta.

Ugonjwa huu huitwa Cushing, kwa jina la Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo wa Marekani aliyeueleza kwa kina mwaka 1932. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari. Ikiota uvimbe wa aina fulani, huziamrisha tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni ya kotisoli kupita kiasi.

Hata hivyo daktari ataanza kwa kuuliza dawa. Wengi wenye sura hii wameipata kwa kumeza prednisoloni au deksamethasoni kwa muda mrefu, wengine kwa kutaka tu wanenepe. Huyo hahitaji kisu. Ila asiviache vidonge ghafla, apunguziwe kidogo kidogo na daktari.

Mwenye uvimbe wa tezi, tiba yake ya kwanza ni upasuaji kupitia puani. Kutoka huku ni safari ndefu ya rufaa hadi taasisi ya MOI, Muhimbili, Dar es Salaam. Uvimbe ukiwa mdogo na mpasuaji akiwa mzoefu, takriban wagonjwa 8 kati ya 10 hupata nafuu kamili. Uvimbe mkubwa ni mgumu zaidi.

Sasa hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa. Mgonjwa ambaye upasuaji wake umefaulu hurudi nyumbani dhaifu kuliko alivyoondoka! Viungo vinamuuma, chakula hakipiti, moyo umepoa. Watu husema amerogwa, au madaktari wamemharibu. Sivyo. Mwili ulizoea kotisoli nyingi, na tezi zake zilizo nzima zimelala. Mpaka ziamke hupewa vidonge vya haidrokotisoni, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12 au zaidi, na wengine maisha yote.

Vidonge hivyo si vya kuongeza nguvu tu. Akiviacha kwa sababu vimeisha au kwa sababu mganga amemkataza, anaweza kufa. Akipata homa kali, na malaria huku kwetu haimbagui mtu, dozi huongezwa mara mbili au tatu kama daktari alivyomwelekeza. Akitapika asiweze kumeza, apelekwe hospitali saa ile ile achomwe sindano ya haidrokotisoni. Atembee na karatasi inayoeleza hali yake, maana akizimia sokoni nani atajua?

Vipi kuhusu Ramadhani? Mwenye kutegemea vidonge hivi akikaa mchana kutwa bila dawa wala maji anaweza kuanguka. Aya ya 185 ya Surat al-Baqarah imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Asubiri tezi ziamke, daktari amthibitishie, ndipo alipe. Ambaye hatarajiwi kupona, amwulize sheikh juu ya fidia ya kulisha maskini. Kung'ang'ania funga huku daktari amekuzuia si uchamungu.

Baada ya hapo uso na tumbo hupungua kwa miezi kadhaa. Presha na sukari hushuka kwa wengi, si kwa wote. Mifupa hujijenga polepole, na uchovu na huzuni vyaweza kubaki miaka. Wengine hupungukiwa homoni za tezi ya shingo au za uzazi, nao hupewa dawa zake.

Na uvimbe waweza kurudi, hata baada ya miaka 10. Kwa hiyo kila mwaka apimwe kotisoli, kwa mkojo wa saa 24, mate ya usiku wa manane, au damu ya asubuhi baada ya kumeza kidonge cha deksamethasoni usiku. Ndugu wa nyumbani ndio huona mwanzo: uso kurudia umwezi, na mkono kutafuta tena ukuta.