Mwambie Kilichomo Katika Chai

Mheshimiwa Mshauri,

Mdogo wangu ana umri wa miaka 29, na huu ni mwaka wa nne anasikia sauti zikimsema. Hospitali walisema ni skizofrenia. Alipewa haloperidoli, akazimeza kwa muda, kisha akazikataa, akidai zinamkaza shingo. Mama yetu ameshafariki, kaka zetu wawili wako Dar es Salaam na Maskati, nyumbani tuko mimi naye na wanangu wadogo. Tangu Ramadhani nimekuwa nikivisaga vidonge na kumtilia katika chai ya asubuhi, naye akatulia. Lakini sasa ugonjwa umezidi: hanywi mpaka mimi nionje kwanza, na hunitazama mpaka nimeze. Shangazi anataka tumpeleke kwa mganga Pangani, kaka wa Maskati anasema apelekwe Mirembe. Nifuate lipi?

Bi. S., Ngamiani, Tanga

Mpendwa Bi. S.,

Shangazi yako akitaka kijana asomewe, na asomewe, maadamu msomaji hamfungi kamba, hamchapi wala hamkatazi dawa. Mirembe ni hospitali yenye wajuzi, lakini Dodoma si karibu, na mgonjwa hasafirishwi masafa hayo kabla hajatazamwa vyema na madaktari wa mkoa wake. Hayo mawili uliyoyauliza yamekwisha. Lililobaki ni lile usiloliuliza.

Mtu ambaye maradhi yake, kwa tabia yake yenyewe, aghalabu humnong'oneza usiku na mchana kwamba watu wa nyumbani mwake wanamtilia kitu katika chakula, ameketi mbele ya kikombe kilichotiliwa kitu kweli, akasema kwamba hanywi mpaka aliyekileta aonje. Nawe, uliyekitia kwa mkono wako, ukaonja, ukameza huku akikutazama, kisha ukachukua kalamu ukaniandikia kwamba ndugu yako amezidi kuharibikiwa. La, bibi. Katika jambo hilo moja yeye ndiye aliyeona sawasawa, nawe ndiye unayemwambia kila asubuhi kwamba macho yake yanamdanganya. Ikiwa kesho atakataa kuamini kwamba zile sauti hazipo, kwa hoja gani utamshawishi, ilhali hata dawa iliyopo umemwapia kwa kuimeza kwamba haipo?

Sisemi kwamba ulifanya hiyana. Mwanamke anayelala na sikio moja wazi, akiwasikiliza wanawe chumba hiki na ndugu yake chumba kile, hashiki kinu na mchi kwa ubaya. Hushika kwa hofu, na hofu ya namna hiyo naiheshimu. Wala sikatai kwamba alitulia, kwa maana dawa ni dawa hata ikiingia kwa mlango wa nyuma. Lakini tazama mambo ulivyoyapanga. Hakuna ajuaye kiasi anachopata, maana kikombe akikiacha nusu amepata nusu. Na siku atakayokisukuma kando, mmoja wa watoto wako akakinywa, utampeleka hospitali amekaza shingo na taya, na hapo itakubidi useme mbele ya watu lile usilotaka kumwambia mtu mmoja. Nawe mwenyewe, kwa kuonja huko, umekuwa ukinywa dawa ya maradhi usiyo nayo.

Sasa nirudi kwenye shingo, uliyoipitia kwa maneno matatu kana kwamba ni kisingizio. Haikuwa kisingizio. Ni jambo linalojulikana kwa kila anayeitoa haloperidoli kwamba huweza kuikaza misuli ya shingo na taya, kuitetemesha mikono, kumtoa mtu mate, na kumtia fadhaa ya miguu isiyomwacha akae kitako. Na ni jambo linalojulikana vivyo hivyo kwamba yapo matengenezo yake, ama kwa kupunguza kipimo, ama kwa kubadilisha dawa, ama kwa kuongeza kidonge cha benzeksoli chenye kuilegeza misuli. Ndugu yako alikueleza kwa lugha iliyo wazi kabisa kwa nini hawezi kuendelea. Lau angekuwa ni mtu mwenye kisukari aliyelalamika kwamba dawa inamtia kichefuchefu, ungalimrudisha kwa daktari siku ile ile. Huyu, kwa kuwa maradhi yake ni ya akili, maneno yake yote yalitiwa katika kapu moja la wazimu, ya kweli na yasiyo ya kweli, na shingo yake ikaendelea kukazwa kwa siri bila ya yeye kujua inakazwa na nini.

Hilo ndilo ninalolishikilia, na nitalishikilia mpaka siku nitakapoacha kuandika safu hii: mgonjwa wa akili haachi kuwa mwenye nyumba katika nyumba yao, na staha aliyokuwa akipewa kabla ya kuugua haikuwa malipo ya uzima wake hata ikatwe akiugua. Yeye bado ni mjomba wa watoto wako. Ana haki ya kujua jina la maradhi yake, jina la dawa yake, na kilichomo katika kikombe chake. Wala si suala la adabu tu. George Brown na wenzake huko London, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1972, waliwafuatilia kwa miezi 9 wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitali. Miongoni mwa waliorejea katika nyumba za lawama, uhasama na kushikiliwa kupita kiasi, 58 katika kila 100 walirudiwa na maradhi, na miongoni mwa waliorejea katika nyumba tulivu, 16 tu. Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mtaalamu wa Kimarekani, Juli McGruder, aliyeishi Unguja akizichunguza familia zenye wagonjwa wa aina hii, alizikuta nyumba ambamo mgonjwa huachwa apande na kushuka na hali yake bila ya kukabiliwa kila saa, siku ya afueni akawa mmoja wao bila ya kelele, siku ya kuzidiwa akapumzishwa. Utulivu huo ni wa pwani yetu, nao umo katika malezi uliyolelewa. Ila hauchanganyiki na ulaghai, kwa sababu anayelaghai hana budi kuchunga, na anayechungwa huhisi.

Basi fanya hivi. Wiki hii, kabla hujasema lolote nyumbani, nenda kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa, Bombo, useme yote, pamoja na chai, maana dawa hizi hazikatwi ghafula na sharti waseme wao itaendeleaje. Eleza habari ya shingo. Uliza kama dawa nyingine inapatikana, na kama iko sindano ya kila wiki chache kwa asiyetaka vidonge, ambayo nayo sharti aijue na aikubali.

Kisha mwambie. Usimwambie siku sauti zimemshika. Chagua saa aliyotulia, uwepo pia mzee mmoja anayemheshimu, na pakiti ya dawa iwe mezani. Sema: ulikuwa na haki ya kunishuku, nimekuwa nikitia dawa hii katika chai yako tangu Ramadhani kwa sababu niliogopa, sitii tena, na shingo yako nimemweleza daktari. Atakasirika, na hasira hiyo ni yake kwa haki. Usimjibu kwa kumhesabia mema yako. Yamkini hatakunywa chai yako kwa muda mrefu. Mwachie birika, majani na tangawizi, apike mwenyewe. Akizungumza juu ya sauti, usibishane naye wala usimkubalie. Muulize zinamsumbua kiasi gani na umsikilize.

Ikitokea siku ameshika kisu au anataka kujidhuru, hapo hakuna mashauri: toa watoto, ita majirani, apelekwe hospitali hadharani hata asipotaka, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeifungulia njia hali kama hiyo. Kulazimishwa waziwazi kunaweza kusamehewa.

Neno la mwisho ni la kaka zako. Katika barua nzima hukutaja mtu mwingine anayejua habari ya chai, na ndiyo maana mzigo umekuelemea, kwa kuwa mwenye siri haombi msaada. Waandikie leo wote wawili. Wa Dar es Salaam aje akae nyumbani wiki mbili, wewe ukalale kwa jamaa yako yeyote. Na wa Maskati, aliyekwisha kutoa hukumu ya Mirembe kutoka ng'ambo ya bahari, alipe dawa za kila mwezi na nauli za kwenda kliniki, na ampigie ndugu yake simu kila Ijumaa, azungumze naye mwenyewe badala ya kukuuliza wewe hali yake.