SOMO KWA WATUMISHI: KUYATAZAMA MAOMBI YALIYO NDANI YA SEVA

Watumishi wa Serikali wanaosimamia huduma zitolewazo kwa intaneti, pamoja na wananchi wanaozitumia, wanaarifiwa kuwa somo la safari hii linahusu tatizo lililozoeleka: huduma huganda, mwananchi akabonyeza na kungoja pasi na jawabu, ilhali fundi akiitazama mashine huiona imetulia na daftari la kumbukumbu halionyeshi kosa lolote.

Sababu ya utata huo imo katika daftari lenyewe. Seva ya Apache, iliyoanza kutolewa mwaka 1995 na ambayo hadi leo hutumika kwa wingi duniani, huliandika ombi katika daftari lake la kawaida baada ya kulimaliza. Ombi lililokwama halijamalizwa, basi halimo. Ni sawa na karani wa mapokezi anayeandika majina ya wageni wakati wa kutoka: mwenye kulisoma daftari lake atawajua waliokwisha kwenda zao, wala hatamjua aliyekaa ndani tangu asubuhi.

Walio ndani hutazamwa kwa njia nyingine. Apache ina kiungo kiitwacho mod_status, ambacho kikiwashwa huonyesha, katika anwani ya /server-status, kila mhudumu wa seva na kazi aliyonayo wakati huohuo. Herufi R humaanisha ombi linasomwa. W, jawabu linatayarishwa au linapelekwa. K, mhudumu ameshikilia mawasiliano akingojea ombi jengine kwa mteja yuleyule. Kistari cha chini ni mhudumu asiye na kazi, na nukta ni nafasi tupu. Safu ya kutazamwa kwa makini kuliko zote ni ile ya SS, ambayo huhesabu sekunde tangu ombi lilipoanza. Mstari wenye W na sekunde chache ni kazi ya kawaida. Mistari thelathini yenye W, yote ikitaja ukurasa mmoja, na sekunde zake zikizidi kila ukitazamwa upya, ni dalili kwamba ukurasa huo unangojea kitu. Aghalabu ni hifadhidata, ambamo kazi moja imelifunga jedwali na nyengine zote zimepanga foleni nyuma yake. Ndiyo maana prosesa huonekana imepumzika: anayengoja hachoki.

Idadi ya wahudumu ina kikomo. Katika mpango uitwao prefork kikomo hicho, kisipobadilishwa na msimamizi, ni 256. Wakishashikwa wote, ombi jipya hungoja nje, hata kama ni la ukurasa mwepesi usiohusiana kabisa na ule uliokwama. Hapo pana mtego ambao wengi huujua wakiwa wamechelewa: ukurasa wa /server-status nao huhitaji mhudumu, hivyo siku ya msongamano kamili haufunguki. Yapasa basi hali hiyo isomwe na kuhifadhiwa mapema, kila dakika, kwa programu ndogo; ukiongezwa ?auto mwishoni mwa anwani, seva hutoa jumla ya wahudumu wenye kazi na wasio na kazi kwa maandishi mepesi yasomekayo na mashine.

Kuizima na kuiwasha upya seva huondoa msongamano kwa muda, na mafundi wengi hukimbilia huko. Lakini ushahidi wote hupotea pamoja nao, na jambo lilelile hurudi. Afadhali kwanza ukurasa wa hali uhifadhiwe, ndipo hatua ichukuliwe. Katika prefork kila mstari huonyesha namba ya mchakato wake, na mchakato mmoja waweza kusimamishwa bila ya kuwakatia huduma wengine.

Ukurasa huo usiachwe wazi kwa umma. Hudhihirisha anwani za kompyuta za wateja na maneno ya maombi yao, ambayo mara nyengine hubeba namba za kumbukumbu za watu. Uruhusiwe kwa mashine za wasimamizi peke yao.

Kwa upande wa wananchi, kubonyeza tena na tena wakati huduma imeganda hakuharakishi jambo. Kila mbonyezo ni ombi jipya, na lile la kwanza mara nyingi huendelea kumshikilia mhudumu wake ingawa mwenyewe ameshaufunga ukurasa. Panapohusika malipo, ombi lililorudiwa huweza kusababisha ada kukatwa mara mbili.