Heshima ya Mdaiwa si Rahani

Tumeulizwa na ndugu yetu mwenye duka Londiani, katika Kaunti ya Kericho, suala ambalo hata huku pwani limekuwa la kila siku. Wateja wake huchukua unga na sukari kwa daftari, wakiahidi kulipa bonasi ya chai itokapo. Bonasi ikatoka, daftari likabaki vile vile. Naye, ili ajaze duka, akakopa kwa simu. Muda ukampita, na sasa wadai wanawapigia wakweze na jirani zake wakiwaambia kuwa yeye ni mwizi. Je, deni lingali shingoni mwake?

Twajibu: lingalipo. Ubaya wa mdai haufuti deni. Ama ziada iliyoshurutishwa ni riba, na aya ya 279 ya Suratul Baqara imempa mkopeshaji rasilimali yake tu. Sheria ya nchi ikimlazimisha kuitoa, aitoe hali ya kuichukia, wala asikope kwengine ili alipe huku, kwani huko ndiko wengi walikozama. Na aya ifuatayo yaamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojwe mpaka apate wasaa.

Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hureira kuwa mtu mmoja alimdai Mtume (S.A.W.) ngamia kwa maneno makali. Masahaba walipotaka kumwadhibu, Mtume aliwakataza, kwa kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Akaamrisha alipwe ngamia aliye bora kuliko wake. Lakini tuangalie: mtu yule alimkabili mdaiwa mwenyewe. Hakuzunguka Madina akiwatangazia majirani. Na jamaa ambaye hakudhamini halazimiki kitu.

Serikali nayo imelipinga jambo hili. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilikataza vitisho, matusi, na kuwasumbua watu ambao majina yao yamo katika simu ya mdaiwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya mwendo huo. Basi ndugu yetu ahifadhi ujumbe, tarehe na namba zilizopiga, apeleke mashtaka kwa Kamishna na Benki Kuu, na huku aendelee kulipa kidogo kidogo.

Wamebaki wale wenye majina daftarini. Kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo Mtume ameita dhuluma, na bonasi wamekwisha ipokea. Twawaomba wazee wa msikiti wa huko wawaite hao kwanza, kabla hawajamwita mwenye duka.