Mpunga ukizama, wahi kuhesabiwa

Mvua za masika zikipindukia, mpunga wa Cheju au Mwera unaweza kulala majini siku kadhaa, na maji yakipwa yanabaki mashina yaliyooza. Wengi wetu hapo husubiri. Tunasema Serikali imeshaona, redio imeshatangaza, msaada utakuja. Unaweza kuja kweli na wewe usiwemo, kwa kuwa tu hukuandikishwa.

Maafa si jambo la Muungano. Zanzibar tuna Sheria ya Kukabiliana na Maafa, Namba 1 ya 2015, iliyounda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na kwa mwananchi wa kawaida mlango wa kwanza ni kwa sheha. Usitegemee kiwango maalumu kwa kila eka iliyoharibika. Msaada, uwe fedha, mbegu au chakula, hufuata tathmini. Kwa hiyo ukifika kwa sheha, la kwanza kulidai ni kuhesabiwa. Ibara ya 12 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Hakuna ruhusa ya kukuruka kwa sababu ya chama chako, kwenu ulikotoka au ugomvi wa mpaka wa konde.

Nenda kabla hujalima upya, maana jembe likishapita ushahidi umefukiwa. Piga picha kwa simu, mpunga ulivyolala na kitu kisichohama kikionekana nyuma, mnazi au nyumba ya jirani. Mwite bwana shamba au bibi shamba aje ajionee. Andika barua mbili zinazofanana: jina lako, shehia, bonde, ukubwa wa konde, ulichopanda na siku maji yalipoingia. Moja mwachie sheha, ya pili aigonge muhuri na kuitia tarehe, ubaki nayo. Orodha ikitoka bila jina lako, barua hiyo yenye muhuri ndiyo utakayokwenda nayo wilayani.

Panapoleta kilio zaidi ni nani aandikwe. Huku kwetu ardhi na kilichomo juu yake vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Upepo ukiangusha mikarafuu, kama kimbunga cha Aprili 1872 kilivyofanya sehemu kubwa ya Unguja, hasara ya miti ni ya mwenye miti. Muhogo uliopondwa chini yake ni hasara ya aliyeupanda. Hata kama konde umeazima au umekodi, mazao ni yako, na mwenye eka asiandikwe mahali pako. Na kina mama, ambao ndio wanaoinama bondeni kupandikiza na kupalilia, waandikishwe kwa majina yao wenyewe. Fedha ikipitia kwa mkuu wa kaya peke yake, inaweza kuishia kwa mume ambaye bondeni hajatia mguu msimu mzima. Hiyo ni dhuluma, tusiinyamazie.

Fidia ni jambo jengine. Serikali ikichukua konde lako kupitisha barabara, Ibara ya 17 ya Katiba ya Zanzibar inakulinda: mali ya mtu haichukuliwi bila kufuata sheria na bila fidia. Mkandarasi akiziba kalvati maji yakarudi kwenye mpunga wako, hayo hayaitwi majaaliwa, kuna mtu wa kumdai mahakamani. Usikawie, kwa kuwa madai yana ukomo wa muda, na anayeidai Serikali hutakiwa kutoa notisi kwanza. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina wasaidizi wa sheria wa kukuelekeza.

Kuandikishwa hakulipiwi. Anayekuomba chochote ili jina lako liingie anaomba rushwa, na pa kumripoti ni ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi. Siku ya kupokea, hesabu mbele ya aliyekupa, kisha ndipo utie saini. Karatasi isiyoandikwa kiasi usiisaini, hata ukiambiwa kitajazwa baadaye.